Mtu asionewe mbele yangu

Nina masharti yangu machache ya maisha, na gumu kuliko yote ni hili: mtu asionewe mbele yangu nikanyamaza. Juzi kwenye basi jamaa mmoja alikuwa anamsumbua binti, kamng'ang'ania mkono, binti anauvuta. Abiria wote macho kwenye simu! Sikumgusa yule jamaa wala kumtukana. Mtu wa aina ile ukimvaa mbele za watu ndiyo unampandisha mori. Nikamgeukia binti: "Dada, za siku nyingi! Njoo ukae huku." Akaelewa papo hapo, akaja. Jamaa kaduwaa. Ubabe sina jamani, magoti yalikuwa yananitetemeka. Binti aliposhuka nilishuka naye, tukasubiri pamoja mpaka kaka yake akaja kumchukua.