Madirisha Yasiyo na Taa

Jumapili, saa tatu usiku

Leo nimerudi nyumbani kwa njia ya ufukweni na, kama nilivyozoea siku hizi, nikaanza kuhesabu taa. Kutoka kituo cha basi hadi kibarazani kwangu kuna nyumba 31 zinazotazama bahari. Zenye taa zilikuwa 9. Kesho watoto wanaenda shule, watu wanaenda kazini, si msimu wa wageni. Nyumba 22 ziko gizani, kuta zimepakwa rangi mpya, bustani zimemwagiliwa, mageti yamefungwa, na ndani hakuna anayekohoa.

Nilipohamia hapa miaka 19 iliyopita, nyumba zilikuwa chache kuliko hizi na taa zilikuwa nyingi kuliko hizi. Hilo ndilo linalonishinda kuwaeleza ndugu zangu wa bara. "Mji umekua, wewe unalalamikia nini?" huniuliza. Kweli umekua. Barabara imepanuliwa, maghorofa yamepanda, vibao vya majina ya mitaa vinang'aa. Waliopungua ni majirani.

Sitaki kujifanya mzaliwa wa hapa. Nilikuja na mizigo yangu kama hawa wanaokuja sasa. Baridi ilikuwa inamtesa mume wangu viungoni, tukasema twende kwenye joto, karibu na bahari, tukapumue. Nyumba tuliyopanga huenda mwenyeji mmoja alikuwa anaitaka akashindwa kwa sababu sisi tuliongeza kidogo juu ya bei yake. Sikulifikiria hilo wakati ule. Nalifikiria sasa, na halinitoki. Kwa hiyo hasira yangu haiwezi kuwa hasira ya "sisi" dhidi ya "wao", maana mstari huo ukichorwa kwa haki, mimi mwenyewe sijui nitaangukia upande gani.

Kuna mtafiti aitwaye George Doxey ambaye mwaka 1975, baada ya kuwaangalia wakazi wa Barbados na wa mji mdogo wa Niagara-on-the-Lake huko Kanada, alipanga hisia za wenyeji kwa wageni katika ngazi nne. Kwanza wenyeji hufurahi. Kisha huzoea, mgeni anakuwa sehemu ya biashara tu. Halafu hukereka. Mwisho huchukia waziwazi. Nilipozisoma ngazi hizo nilinyamaza muda mrefu, kwa sababu nilijiona nikizipanda moja baada ya nyingine bila mtu kunisukuma. Hoteli ya kwanza kubwa ilipofunguliwa tulikwenda kuitazama kwa furaha, tukapiga picha mlangoni. Baada ya miaka michache tulikuwa tunawatambua wageni kwa misimu, kama tunavyotambua mvua. Kisha zikaja kero: magari yameegeshwa mbele ya geti, muziki hadi alfajiri, foleni ya zahanati isiyosogea.

Ngazi ya nne niliifikia Agosti mwaka jana. Mama mmoja mgeni alinisimamisha njiani akaniuliza wapi pa kupitia kwenda ufukweni. Alikuwa na mtoto wa miaka minne au mitano, ameshika ndoo ndogo nyekundu ya plastiki, mpini wake umekatika upande mmoja umefungwa kwa uzi. Nilimsikia vizuri. Nikapita kana kwamba sikumsikia. Yule mtoto aligeuza shingo akanifuata kwa macho hadi nikakata kona. Niliporudi baada ya robo saa kuwatafuta, nikiwa na majibu yote tayari mdomoni, hawakuwepo. Mimi niliyelelewa kwamba anayeuliza njia haachwi, nilimwacha mama na mtoto wake barabarani. Tangu siku ile nimejilazimisha kuuliza swali lenyewe linalohusika: nani hasa ameuchukua mji wetu? Si mtoto mwenye ndoo.

Dalali wa mtaa alinipa jibu bila kujua kwamba ananipa jibu. Alikuja kunieleza kuwa mwenye nyumba yangu anataka kuongeza kodi tena, mara ya tatu ndani ya miaka minne. Nilipomuuliza sababu, alikaa chini, akachukua karatasi, akanipigia hesabu kwa upole kabisa. Nyumba hii ikipangishwa kwa mwezi inaleta kiasi fulani. Ikipangishwa kwa usiku mmoja mmoja kwa wageni wanaotafuta nyumba kwenye simu, usiku tisa au kumi wa msimu unatosha kuleta kiasi kilekile. Siku zinazobaki ni faida, na hata nyumba ikikaa tupu nusu ya mwaka mwenyewe hajapoteza. "Mama yangu, mwenye nyumba hakuchukii," akasema. "Ni hesabu." Namwamini. Na hapo ndipo penye uchungu, kwamba anayenitoa hana haja hata ya kunichukia.

Si sisi peke yetu. Aprili 20, 2024 makumi ya maelfu ya watu wa Visiwa vya Kanari, Hispania, waliingia barabarani kudai utalii uwekewe mipaka, wakilalamikia kodi za nyumba wasizoziweza na maji yasiyotosha. Juni mwaka huohuo meya wa Barcelona, Jaume Collboni, alitangaza kwamba leseni za nyumba za watalii zaidi ya 10,000 hazitahuishwa, ili kufikia Novemba 2028 nyumba hizo zirudi kwa wakazi. Mji wa Vancouver, Kanada, ulianza kutoza kodi nyumba zinazokaa tupu tangu 2017, kwanza asilimia 1 ya thamani ya nyumba kwa mwaka, kisha 3. Nilizitaja habari hizo kwenye mkutano wetu wa mtaa. Tulikuwa watu 14. Zamani tulikuwa tunasimama hadi uani kwa kukosa viti. Mwenyekiti aliandika kila nilichosema, akanishukuru, akaniuliza kama najua namna ya kuwapata wenye nyumba 22 ili nao watoe maoni. Sijui. Wengi wao sijawahi kuwaona usoni.

Yupo mmoja ninayemjua kwa ukuta wake. Alijenga ukuta wa zege mbele ya uwanja wake kuzuia bahari isimlie ardhi, na simlaumu kwa kuogopa, maana bahari imepanda kweli. Kati ya 1901 na 2018 usawa wake duniani ulipanda kwa wastani wa sentimita 20. Lakini ufukwe wa mchanga ni kitu kinachotembea. Maji yakipanda, mchanga husogea nyuma, ufukwe ukajijenga upya ndani zaidi. Ukiuwekea ukuta mgongoni hauna pa kwenda. Mawimbi yanagonga zege, yanarudi na mchanga, na upana unaliwa upande wa bahari tu. Kisiwani Oahu, Hawaii, watafiti walipopima miaka ya 1990 waliona karibu robo ya fukwe za mchanga zimepungua au zimetoweka kwa sababu ya kuta kama hizi. Hapa kwetu, wakati wa maji mafu, bahari isipojaa sana, bado ninapita mbele ya ukuta ule kwa miguu mikavu. Wakati wa bamvua, maji yakijaa, njia haipo kabisa. Wazee tuliokuwa tunatembea nao asubuhi wameacha. Mmoja alijaribu kupita kwa kushika ukuta, akateleza kwenye mwani, akaumia nyonga.

Halafu kisima. Hili naliandika kwa urefu kwa sababu wengi hawalielewi, na mimi pia sikulielewa hadi sabuni ilipokataa kutoa povu. Ilikuwa mwaka juzi, ninafua, nasugua na kusugua, maji yanabaki na utando mweupe juu kama maziwa yaliyokatika, na mikono inanata. Niliyaonja kwa ncha ya ulimi. Chumvi. Fundi wa visima alikuja, akashusha kamba yake, akapima, akaniambia jambo ambalo wataalamu wawili, Ghyben wa Uholanzi na Herzberg wa Ujerumani, waligundua zaidi ya miaka 100 iliyopita. Maji matamu ya mvua ni mepesi kuliko ya bahari, kwa hiyo chini ya ardhi ya pwani yanaelea juu ya maji ya chumvi. Kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, ziko mita kama 40 chini yake. Ni akiba kubwa, lakini hesabu hiyo inarudi nyuma vilevile: mkivuta hadi usawa wa maji matamu ukashuka mita 1, chumvi inapanda mita 40 kutoka chini kukutana na ndoo yenu.

Tangu alipoondoka nimekuwa nikiyatazama mabwawa ya kuogelea yaliyo nyuma ya mageti yale. Yanajazwa, yanabadilishwa, yanang'aa usiku kwa taa za chini ya maji, mchana hakuna anayeogelea. Na nyasi za bustani zinamwagiliwa asubuhi na jioni kwa mashine inayojiwasha yenyewe. Kuna mambo ya mji huu ninayoweza kuyasamehe na mengine ninayoweza kuyazoea. Hili la maji siliwezi. Kisima hiki walikichimba watu waliokufa kabla sijafika, wakakitumia mtaa mzima, wakatuachia kikiwa kitamu. Sisi tumeshindwa kukitunza miaka 20.

Mwanafalsafa mmoja wa Australia, Glenn Albrecht, aliwasikiliza watu wa bonde la Hunter waliokuwa wanaona mashamba yao yakigeuzwa migodi ya makaa ya mawe, na mwaka 2003 akaunda neno kwa ajili ya hali yao: solastaljia. Ni ile hamu ya kwenu inayokupata ukiwa hujaondoka kwenu. Nilifurahi kupata neno lake, kwa sababu nilikuwa nadhani naumwa uzee. Ninaamka nyumbani kwangu, nasikia bahari ileile, joto lilelile lililomponya mume wangu akaishi miaka tuliyoambiwa hataishi, na bado moyo unatamani kurudi. Mahali pa kurudi ni hapahapa.

Basi nifike kwenye la leo, maana ndilo lililonikalisha kuandika.

Jirani yangu wa mlango wa pili amehama. Ni muuguzi, amefanya kazi hospitali yetu miaka 11, na kwa miaka 11 ndiye aliyekuwa na ufunguo wangu wa akiba. Usiku mume wangu alipozidiwa, yeye ndiye aliyefungua mlango na kuingia kabla mimi sijaweza kunyanyuka kutoka sakafuni nilipokuwa nimemshika. Sasa amepata nyumba anayoimudu mji wa ndani, saa mbili kwa basi. Kazi haachi. Zamu ya asubuhi itamtaka aamke saa tisa usiku. Wagonjwa wa hapa watahudumiwa na mtu ambaye tayari amechoka kabla hajavaa sare.

Nilimsaidia kufunga mizigo tangu asubuhi. Tulifanya kazi bila maneno mengi. Lori liliposhaondoka na vitu, alirudi peke yake, akanikuta nafagia kibaraza chake, kazi ambayo hakuna aliyeniomba. Akaingiza mkono mfukoni. Ufunguo ulikuwa bado na uzi wa kijani nilioufunga mwenyewe siku ile nilipompa, umefifia ukawa karibu mweupe.

"Dada, huu sitaweza tena kuutunza," akasema. "Kwa umbali ule sitakufaa."

"Kaa nao tu," nikamwambia.

"Hapana. Mtafute mtu wa karibu."

Akauweka kiganjani mwangu, akakifunga kiganja changu kwa mikono yake miwili, akakaa hivyo kidogo. Halafu akaenda kupanda basi. Nikamsindikiza hadi kituoni, na ndipo wakati wa kurudi nilipohesabu taa.

Ufunguo uko hapa mezani ninapoandika. Nimezipitia akilini zile nyumba 9 moja moja. Tatu ni za wapangaji wa usiku mmoja mmoja, najua kwa visanduku vya funguo vya kufungua kwa namba vilivyofungwa milangoni. Moja ni ya mlinzi, naye amewekwa kulinda ua wa tajiri wake, haruhusiwi kutoka. Moja ni yangu, niliiacha taa ya kibarazani inawaka. Mbili ni za wazee wenzangu wasioweza kukimbia usiku hata nikipiga kelele. Zinabaki mbili. Katika moja anaishi kijana na mkewe wenye mtoto mchanga, wamehamia mwezi huu, nimesikia mkataba wao ni wa miezi sita. Katika nyingine yupo mtu ambaye huwasha taa ya jikoni saa mbili na kuizima saa nne, kila siku. Sijawahi kumwona wala kujua jina lake.

Kesho jioni, taa ile ikiwaka, nitakwenda kupiga hodi.