Nilidhani Uliiuza

Mwezi uliopita nilikwenda kumshukuru mtu, nikarudi kimya njia nzima. Naandika sasa hivi kabla sijaanza kulipamba jambo lenyewe, maana mimi ni mtu wa ushuhuda na ninajijua.

Mnaonisoma siku zote mnajua nashona. Cherehani ninayoikalia ndiyo ile ile niliyoanza nayo: nyeusi, ya kukanyaga kwa miguu, michoro yake ya dhahabu imefutika upande ule ambako mkono wangu unapita kutwa. Mkanda wa ngozi nimeubadilisha mara nne. Droo ya kulia haifungi, na humo ndimo vinamoishi vifungo vyote vilivyokosa wenzao. Nilipewa bure, miaka 11 iliyopita, nikiwa nimetoka kuachishwa kazi na nina mimba ya miezi saba. Mama mmoja tuliyekuwa tunasali naye alinisimamisha baada ya ibada akaniuliza kama najua kushona. Nikasema najua. Nilichokuwa najua ni kushikiza vifungo. Akasema, "Basi njoo kesho uchukue cherehani." Baada ya miezi michache akahama, akaenda kuishi kwa mwanawe.

Hiyo cherehani nimeitolea ushuhuda mpaka basi. Kwenye ibada, kwenye mikesha, hata kwa wateja waliokuja kupunguziwa suruali tu na wana haraka zao. "Nilikuwa sina mbele wala nyuma, Mungu akanipa cherehani!" Watu wanaitikia amina, machozi yananilengalenga, tena ya kweli. Mwanzoni yule mama alikuwamo. Nilikuwa nasema Mungu alimtumia mama mmoja. Miaka ilivyokwenda ushuhuda ukafupika kama gauni linalopunguzwa kila mwaka, mama akakatwa pamoja na pindo, tukabaki Mungu, mimi na cherehani.

Kilichoniamsha ni Mambo ya Walawi. Najua, Walawi ndiko inakofia mipango ya kusoma Biblia nzima kwa mwaka mmoja. Yangu imefia huko mara mbili. Safari hii nilifika sura ya 7, nasoma huku nasubiri pasi ipate moto, nikakuta sheria ya nyama ya sadaka ya amani. Aliyeitoa kwa nadhiri, au kwa hiari yake tu, inayosalia anaruhusiwa kuila hata kesho yake. Lakini aliyeitoa kwa ajili ya shukrani, lazima iliwe siku iyo hiyo, asisaze chochote hata asubuhi. Nikarudia kusoma. Nadhiri ina kesho, hiari ina kesho, shukrani haina. Kwa lugha yetu ya jikoni, shukrani haina kiporo.

Sababu haikuandikwa pale, kwa hiyo hii ni ya kwangu: mnyama mzima hamalizwi na mtu mmoja kabla ya kulala. Ukitaka kuitii ile sheria, huna budi kuita watu. Yaani unamshukuru Mungu na jirani anashiba.

Pasi ilianza kunuka, nikaizima, nikakaa kuhesabu viporo vyangu. Shemeji yangu aliyelala hospitali siku tatu akimwangalia mume wangu ili mimi nikaoge na kufumba macho. Mwalimu aliyekuwa wa kwanza kugundua kwamba binti yangu haoni ubaoni. Hao wote nilimshukuru Mungu kwa ajili yao, kwa sauti kabisa. Wao wenyewe sikuwaambia kitu. Na kiporo cha zamani kuliko vyote kilikuwa na miaka 11.

Yule mama wa cherehani nilimkuta amekaa mlangoni, miguu juu ya kigoda, amezeeka kuliko nilivyojiandaa. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia marahaba huku macho yake yakinitafuta. Nikajitaja. Akashika mkono wangu, akakumbuka. Basi nikaanza hotuba yangu, maana nilikuwa nimeiandaa: alivyoniokoa, watoto wawili wanavyosomeshwa na cherehani ile, Mungu alivyomgusa moyo siku ile.

Akanikatiza. "Ile cherehani? Ilikuwa inaniziba njia ya kwenda chooni. Marehemu ndiye aliyeinunua, mimi hata kuikanyaga sikuwahi. Kila usiku najigonga ugoko!"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaniangalia kidogo, akasema taratibu, "Kumbe bado unayo. Mimi nilidhani uliiuza."

Nikamuuliza kwa nini alidhani hivyo.

"Sasa mwanangu, mtu umempa kitu, halafu kimya, mwaka wa kwanza, wa pili, mpaka leo. Nikasema huyu alikuwa na shida, ameiuza, anaona haya kuniambia. Nikawa nakuombea. Na kukuuliza sikutaka, nisije nikakuaibisha."

Mimi niko mbele ya kanisa nimeshika kipaza sauti, naisifia cherehani. Yeye yuko kwake amepiga magoti, ananiombea kwa sababu nimeiuza. Kila nikilifikiria hilo, masikio yanawaka moto.

La ugoko nalo bado nalitafuna. Miaka yote nilikuwa na picha yangu kichwani: mama yuko katika maombi, anasikia sauti, anainuka kunitafuta. Kumbe alichoka kujigonga usiku. Nilipolala siku ile nilijiuliza kama sasa nina haki ya kusema Mungu alinipa. Nikaona ninayo, tena zaidi. Mungu aliyenipa kazi kwa kupitia ugoko wa mtu hasubiri watu wawe watakatifu ndipo awatumie, na mimi ninayekata vitambaa vya watu huku nimenuna nina nafasi humo.

Jumapili iliyofuata nikaifungua Luka 17, wale wakoma 10. Nimesikia mahubiri ya habari hiyo tangu utoto, na kila mara nilijihesabu mimi ndiye yule mmoja. Safari hii nikaisoma kwa woga. Luka anasema yule Msamaria alirudi huku akimtukuza Mungu kwa sauti kuu, akaanguka kifudifudi miguuni pa Yesu, akamshukuru. Kuna sauti hapo, na kuna safari. Wale tisa Luka hasemi kwamba hawakumsifu Mungu. Yesu mwenyewe alikuwa amewatuma wakajionyeshe kwa makuhani. Inawezekana waliimba njia nzima. Anachouliza Yesu ni wale tisa wako wapi, kwamba hawakuonekana waliorudi. Mimi sauti ninayo, jirani zangu ni mashahidi. Miguu ndiyo iliyokosekana, na hali mtu mwenyewe nakula kwa miguu!

Hapo pia nikajua kwa nini sikuwahi kulipenda lile neno "shukuruni kwa kila jambo" jinsi linavyotumiwa. Mwaka juzi niliunguza gauni la harusi. Pasi, kitambaa laini, nimegeuka mara moja tu kuitika mtu, alama ya kahawia kifuani, siku nne kabla ya sherehe. Dada mmoja katika Bwana akanipigia simu: "Shukuru, Mungu ana makusudi." Makusudi gani? Uzembe ulikuwa wangu. Baadaye nikajifunza kwamba Paulo aliandika kwa Kigiriki en panti, ndani ya kila hali, na hilo limenipa pumzi. Silazimiki kushukuru kwa ajili ya alama ya pasi. Nikiwa ndani ya siku hiyo mbaya bado kuna mtu wa kumshukuru: bibi harusi mwenyewe, niliyempigia simu usiku ule ule nikamwambia ukweli wote, akalia, akanitukana kidogo, kisha akakubali tuweke lesi kifuani. Na kama siku haina hata hilo, Biblia inaruhusu kulia. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, hakuna aliyeiongezea mstari wa kuichangamsha mwishoni.

Siku za kawaida, ambazo ndizo nyingi, nimejipunguzia maneno makubwa. Zaburi ya 136 ina mistari 26, na kila mmoja unaishia "kwa maana fadhili zake ni za milele." Zamani niliona inachosha. Jaribu kuisoma ukiwa unakanyaga cherehani, mstari kwa kila pindo, utaona imekaa kwenye mwendo wa miguu kabisa. Ninachokipenda humo ni kwamba aliyeitunga anataja. Hakuridhika kusema Mungu alituokoa na adui. Akamtaja Sihoni, mfalme wa Waamori, na Ogu, mfalme wa Bashani, kila mmoja na mstari wake. Basi na mimi nataja. Aliyenipa mwanga wa dirisha la kulia, kwa maana fadhili zake ni za milele. Aliyemleta yule mteja mkorofi akalipa, kwa maana fadhili zake ni za milele.

Kuna mtawa mmoja Mkarmeli wa Paris, Ndugu Lawrence, aliyefariki mwaka 1691. Alifanya kazi jikoni miaka mingi ingawa kwa asili yake hakuipenda, kisha wakampa kazi ya kutengeneza makubazi ya wenzake. Yeye alisema wakati wa kazi kwake haukuwa tofauti na wakati wa sala. Mimi sijafika huko. Uzi ukijisokota kwenye bobini, sala yangu huwa fupi na haiandikiki hapa.

Kutunga uzi sindanoni sasa siwezi tena bila miwani, na miwani huwa siioni bila miwani. Binti yangu wa pili ndiye anayenitungia. Analamba ncha ya uzi, anafumba jicho moja, unapita mara ya kwanza, ananirudishia sindano bila hata kuniangalia. Zamani nilikuwa naipokea na kuendelea. Siku hizi nasema asante hapo hapo, kabla sijaikaza sindano. Juzi nilisahau, nikakumbuka baada ya kushona mkono mzima wa shati, nikamwita kutoka nje alikokuwa anacheza. Akaja mbio akidhani ameharibu kitu. Nilipomwambia ni asante tu, ya ile sindano, akaniangalia kama mtu aliyepandwa na homa. "Mama, si ungeniambia nikirudi?"

Yule mama nilimpima siku ile ile kabla sijaondoka, kwa futi niliyokuwa nayo mkobani, akilalamika kwamba namtekenya. Nikamshonea gauni kwa cherehani ile ile, mishono miwili miwili kwenye mabega, mfuko mkubwa wa kuweka miwani na rozari ya rafiki yake ambayo anasema anamtunzia tu, maana yeye si Mkatoliki. Nikalipeleka. Akalivaa, akanyanyua mikono juu, akazunguka mara moja, akasema mkono wa kushoto unambana kwapani.

Na kweli unambana. Nimeufumua tangu asubuhi, hapa nasubiri binti arudi shule anitungie uzi.