Wasifu wa Mkata Mkonge

Katika usharika wetu wa Kilutheri, Tanga, wasifu wa marehemu husomwa jeneza likiwa mbele, kabla ya mahubiri. Kuzaliwa, ubatizo, kipaimara, ndoa, kazi, watoto, maradhi, kifo. Dakika tano, basi. Lakini waliomjua marehemu huusikiliza kuliko wanavyoyasikiliza mahubiri, maana hapo ndipo wanapolipima kanisa kama linasema kweli. Nimeketi kwenye misiba ambako marehemu alipambwa hata majirani wakainamisha vichwa kwa aibu. Nimeketi pia pale ambapo mtu alishika kipaza sauti akalipiza kisasi cha miaka mbele ya watoto wa marehemu, kisha akajitetea kuwa yeye ni msema kweli. Vyote viwili vinaniuma, na kila nikiviona namkumbuka Mwinjilisti wetu na usiku mmoja wa Novemba 1999.

Nchi ilikuwa bado na majonzi ya Mwalimu Nyerere, aliyefariki London tarehe 14 Oktoba na kuzikwa Butiama tarehe 23. Kwa wiki kadhaa redio ilikuwa nyimbo za maombolezo na hotuba za kumuaga, na maneno makubwa yalikuwa yamewakaa watu midomoni: mti umeanguka, nguzo imevunjika, taa imezimika. Kwa Mwalimu yalistahili. Tatizo ni kwamba yalianza kuhamia kwenye kila msiba.

Mimi nilikuwa katibu wa vijana. Kwa kuwa mwandiko wangu ulisomeka, Mwinjilisti alizoea kunichukua penye msiba nikaandike wasifu. Safari hiyo aliyefariki alikuwa mzee wa mtaani kwetu Ngamiani, Muha wa Kasulu, aliyeletwa Tanga kijana mbichi miaka ya 1950 na Silabu, ile ofisi iliyokuwa ikikusanya vibarua wa mkonge kutoka bara. Alikuwa manamba, kama walivyoitwa wote waliopewa namba badala ya jina. Alikata mkonge zama za mkonge hasa: mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000, na sehemu kubwa ilitoka mkoa huu. Kazi yenyewe ilikuwa kukata majani, kuondoa mwiba wa ncha, kufunga mafungu ya majani 30, na kuyabeba hadi njiani yakachukuliwe kwenda korona, kiwanda cha kutoa nyuzi, kusagwa. Utomvu wake unawasha. Mzee alikuwa na alama za miiba mikononi mpaka siku anakufa.

Na alikunywa. Akishakunywa, nyumba yake ililia. Ilianza kambini shambani, ikaendelea walipohamia mjini, na mtaa mzima tulijua, kwa sababu kuta za Ngamiani hazifichi kitu. Mwaka 1995 akapata kiharusi, upande mmoja ukafa na ulimi ukafungwa. Miaka minne alilala bila kusema neno linaloeleweka. Kama alikuwa na la kumwambia mkewe, hakuna aliyelisikia.

Usiku ule wa kuamkia mazishi tulikaa ukumbini kwa taa ya chemli, umeme ulikuwa umekatika. Uani akina mama walikuwa wakiosha masufuria, Wakristo na Waislamu pamoja, kama ilivyo kwetu. Mjane alikuwa amekaa mkekani, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha. Kijana wake wa kwanza alikuwa ameshuka basi la Dar es Salaam jioni ile na wasifu tayari mkononi, umechapwa kwenye karatasi safi. Akausoma kwa sauti. Mti mkubwa uliotupa kivuli umeanguka. Baba alikuwa mume mwema, mwenye upendo usio na kifani kwa mama yetu.

Dada yake alikuwa mlangoni na beseni. Akaliweka chini.

"Ukisoma hiyo kesho, Kaka, mimi natoka kanisani. Natoka kwa mlango wa mbele, watu wanione."

"Marehemu hasemwi. Unataka tumwanike Baba?"

"Sitaki umwanike. Sitaki uongo. Wewe ulikuwa bweni. Sisi tulikuwa ndani."

Hakuna aliyekuwa akidanganya kati yao. Yule kaka alipelekwa mdogo shule ya bweni ya kanisa, shule ya kulipia ada, na baba aliyemjua ni yule aliyekata mafungu ya ziada ili ada ipatikane na ambaye, likizo ikifika, humpokea stesheni akamchukulia sanduku. Dada alimjua baba wa saa nne usiku.

Mwinjilisti alikuwa Msambaa wa huko milimani, mzee mwembamba, na tabia yake ilikuwa kuuliza swali kisha kunyamaza hata ukimya ukawa mzito. Akauliza, "Nani anaikumbuka amri ya nane?"

Kaka akaijibu mara moja: usimshuhudie jirani yako uongo.

"Na maana yake?"

Kila aliyepita kipaimara kwetu ameikariri Katekisimu Ndogo aliyoiandika Martin Luther mwaka 1529, na maelezo ya amri hii yana pande mbili. Kwanza, tusimwongopee jirani wala kumsaliti wala kumchafulia jina. Kisha, tumtetee, tumnene mema, na mambo yake tuyachukulie kwa upande ulio mwema. Walipoyakumbuka yote, kila mmoja akashika upande wake. "Umesikia? Tumnene mema," kaka akasema. "Na tusiseme uongo," dada akajibu.

"Jirani katika habari hii ni nani?" Mwinjilisti akauliza.

"Baba."

"Ni baba, kweli. Na huyu aliyekaa mkekani? Kesho tukisimama mbele ya watu tukasema mumewe alimpenda upendo usio na kifani, tutakuwa tumemshuhudia nani uongo?"

Darasani sikuwahi kuisikia amri ile ikifundishwa hivyo, na mpaka leo sijakutana na maelezo yanayonitosha kuliko yale. Sifa ya uongo ina mtu inayemgonga. Mwanamke aliyepigwa, akisikia kanisa zima likiitikia amina kwamba hakupigwa, amepigwa tena, safari hii na watu wa Mungu.

Mwinjilisti akamgeukia. "Mama, msiba ni wako. Unataka tuseme nini?"

Alikaa kimya muda mrefu kidogo. Aliposema, hakupandisha sauti.

"Alinipiga. Msiandike hilo. Wajukuu wake watakuwepo, na mimi si wa kuanikwa makaburini. Ila msiandike vilevile kwamba hakunipiga."

Basi ikawa hiyo ndiyo kazi yetu. Mwinjilisti aliikunja karatasi ya kaka kwa heshima, hakuichana, akamrudishia mwenyewe, akamwambia aiweke, ina mapenzi yake ndani. Kisha akatoa sharti: kila mmoja ataje jambo alilomwona marehemu akilitenda kwa macho yake mwenyewe. Sifa hazitakiwi, wala tabia. Matendo tu.

Kaka akataja ada na mafungu ya ziada. Nikaandika. Barazani alikuwa amekaa jirani yao Mwislamu, muuza kahawa, amekuja kuhani tangu alasiri na hakuondoka. Akaomba ruhusa ya kusema. Alisema mtaani kwetu, kabla ya kiharusi, hakukuchimbwa kaburi la Mwislamu wala la Mkristo bila mzee huyu kuwa wa kwanza kufika na jembe lake, na kwamba kaburi la mamake yeye muuza kahawa lilichimbwa kwenye mvua ya masika, maji yakijaa, mzee akiyachota kwa ndoo mpaka shimo likatulia. Hakupokea hata chai. Hilo sikulijua. Watoto wake nao hawakulijua.

Ikafika zamu ya dada. "Mimi sina," akasema.

Nilitegemea ahimizwe, maana misibani watu hawapendi jibu hilo. Mwinjilisti akamwambia, "Usilo nalo huwezi kulitoa, mwanangu. Hatutakusemea." Nikamwona akiketi chini, kwa mara ya kwanza usiku ule.

Sehemu ya mama ndiyo iliyotuchukua muda. Mmoja wa akina mama alipendekeza tuandike kwamba mkewe alivumilia mengi. Mwinjilisti akakataa. Alisema neno hilo misibani ni jiwe linalorushwa na mkono kufichwa. Kila msikilizaji atajaza mengi yake, na kesho kutwa yatakuwa sokoni. Kama kuna la kusema juu ya mama huyu, liwe lake, limpe heshima, lisihitaji kumvunjia mwingine. Tukauliza alifanya nini. Akataja mwenyewe, kwa mkato, kama anayehesabu nguo: kumlisha, kumwogesha, kumgeuza asipate vidonda.

Kaka alitaka pia tuseme marehemu alimrudia Mungu wake siku za mwisho. Mwinjilisti akasema, "Mchungaji alikuja akampa Chakula cha Bwana, nami nilikuwepo, akapokea. Hilo liandike. Yaliyokuwa moyoni sikuyaona." Nilimpenda kwa jibu hilo. Ni rahisi sana mtumishi kuuza faraja asiyokuwa nayo, hasa kwa mtoto anayelia, na yeye alimpa yule kijana kile tu alichoweza kukiapia.

Kabla ya kuomba alisoma Waefeso 4, mstari wa 15, ule wa kuishika kweli katika upendo, akafunga Biblia bila kuufafanua.

Karatasi ninayo, nakala niliyoiandika upya usiku uleule kwa sababu ya kwanza ilijaa mikato. Baada ya tarehe na sakramenti inasema hivi: "Alikata mkonge tangu ujana wake, na kwa kazi ya ziada alimsomesha mwanawe wa kwanza. Majirani wanashuhudia kwamba aliwachimbia wafu wao makaburi bila kudai chochote. Alifunga ndoa mwaka 1961. Alipopooza mwaka 1995, mkewe alimlisha, alimwogesha na kumgeuza kitandani kwa miaka minne mpaka alipokata roho. Kanisa linamshukuru mama huyu. Familia inamkabidhi marehemu kwa Mungu ayajuaye matendo yake yote."

Kesho yake niliusoma mwenyewe. Dada alikuwa kiti cha mbele, hakutoka. Nilipofika kwenye kanisa linamshukuru mama huyu, umoja wa wanawake wakasema "Haki!" kwa pamoja, jambo ambalo Walutheri wa kwetu hawana mazoea nalo, na yule mama akainua uso. Sentensi ya mwisho ilipita kimya. Wote waliijua na hakuna aliyeweza kuikana, si kaka wala dada. Makaburini nao waliofukia walikuwa wengi kuliko majembe, Waislamu wa mtaani wakipokezana, muuza kahawa akiwa wa kwanza.

Kabla ya arobaini dada alinifuata nyumbani. Akaniuliza kama wasifu husomwa tena siku hiyo. Nikamwambia tukitaka, husomwa.

"Kuna kitu nimekumbuka," akasema. "Alinifundisha baiskeli. Tulipokuwa kambini, ile njia ya vumbi ya kwenda korona. Alikuwa akishika kiti, anakimbia nyuma yangu."

Nikachukua kalamu. Akaniwekea kiganja juu ya karatasi.

"Usiongeze neno. Usiseme alikuwa baba mwema. Andika alinifundisha baiskeli."

Nikamwuliza niiweke wapi. Akaisoma karatasi yote kwanza, taratibu, kidole kikifuata mistari, kisha akanionyesha: baada ya makaburi, kabla ya mama.