Siku moja maishani mwangu: mwanafunzi wa kamera, Mji Mkongwe

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Betri zimejaa, umeme haukukatika usiku, alhamdulillah. Chai ya rangi na kipande cha boflo, kisha daladala hadi Darajani na mguu mpaka Forodhani.

Saa kumi na mbili na nusu. Mwalimu wangu ana tabia ya kukupa kitu kimoja wiki nzima. Zamu hii ni ngalawa iliyofungwa ufukweni. Naanza na f/8 (kipimo cha tundu la lenzi; namba ikishuka, tundu linapanuka) na shata, yaani pazia la kamera, kufunguka kwa 1/125 ya sekunde, halafu nafungua tundu la lenzi hadi f/5.6 na kuharakisha shata hadi 1/250. Mwangaza wa picha hizo mbili ni uleule, kwani nilichoongeza kwenye tundu nimekitoa kwenye shata. Kinachobadilika ni vyombo vya nyuma: kwenye f/5.6 vinaanza kufifia, na ngalawa inabaki peke yake. Kisha mpangilio: upeo wa bahari usilale mshazari, usikate mlingoti katikati, na ngalawa iachiwe nafasi upande inakoelekea. Mzee mmoja anayetembea kila asubuhi aliniuliza, "Mwanangu, hiyo ngalawa haijachoka kupigwa picha?" Nikamwamkia shikamoo, nikaendelea.

Saa tatu. Studio. Picha za pasi na vitambulisho mpaka adhuhuri: kidevu juu kidogo, masikio yaonekane, haya anayefuata.

Saa saba. Familia iliyoahidi kufika saa nne ndiyo inateremka kwenye gari. Bwana ana kanzu nyeupe, mkewe buibui jeusi, mama mkwe leso mpya, na watoto kadhaa waliokwishachoka na viatu vyao. Bwana anataka Ngome Kongwe nyuma, juani, "ionekane yote." Hapa kwetu karibu na ikweta jua la saa saba liko utosini. Linaweka kivuli cheusi ndani ya matundu ya macho na chini ya pua, na ngozi yetu nyeusi inapoteza ule mng'ao wake. Mwalimu hakubishana. Aliwapiga picha moja hapohapo, akamwonyesha Bwana. Mama mkwe akachungulia kioo cha kamera, akasema, "Hawa wamekuwa mizuka," na safari ya kuingia vichochoroni ikaanza.

Kichochoro cha Mji Mkongwe ni studio ya bure. Kuta ndefu zinazuia jua, na chokaa ya ukuta wa pili inarudisha mwanga laini usoni. Mwalimu akanipa kamera niongoze mimi. Picha ya kwanza ilikuwa ya kupima tu, Bwana peke yake, kamera ijichagulie shata. Ikachagua 1/250. Kabla sijageuka Bwana yuko begani kwangu.

"Bibie, kanzu hii imefuliwa jana na kutiwa buluu. Mbona unaniletea rangi ya jivu?"

Kamera haijui kanzu. Kipimamwanga chake kimetengenezwa kuamini kwamba kila kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani. Kikiona nyeupe tele kinadhani mwanga umezidi, kinaupunguza, kanzu inageuka jivu na uso juu yake unakuwa giza. Kikiona buibui kinafanya kinyume: kinaongeza mwanga, nguo nyeusi inapauka na uso wa mama wa watu unaungua. Mwanga uliowaangukia wote wawili ni mmoja. Kwa hiyo nikapima ukuta mkongwe ulioota ukungu, ambao ni kijivu kwelikweli, nikaweka kila kitu kwa mkono: ISO 400 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), f/5.6, 1/125. Nikaacha hapo. Kanzu ikawa nyeupe na mishono ya shingoni ikabaki inaonekana, buibui likawa jeusi, nyuso zikawa za wenyewe.

Nilidhani tumemaliza. Nikamsogeza Bwana kwenye theluthi ya kushoto ya picha, kama inavyotaka kanuni ya theluthi (mhusika asikae katikati), kichochoro kipite kuliani kimvute mtazamaji ndani. "Mbona unaniweka pembeni, nimekosa nini?" Nikasogea karibu. "Miguu yangu iko wapi? Viatu hivi si vya bei rahisi." Mama mkwe naye akaninong'oneza nimfanye binti yake mweupe kidogo. Nikamwambia, "Bi mkubwa, atang'ara, lakini rangi itabaki yake." Akaguna. Mtoto mdogo akaketi chini akavua kiatu. Mwenye baiskeli akataka njia, kisha mwenye mkokoteni, kisha watalii wakasimama kutupiga picha sisi.

Hapo sikutazama saa tena. Mgongo ulikuwa unauma na mkanda wa kamera umenikata shingo. Nikampiga picha Bwana katikati, wima, viatu vyote. Na niseme ukweli, picha ile ina haki yake. Bibi yangu anayo ya ujana wake, kasimama katikati hivyohivyo, mkono juu ya stuli ya maua, na hakuna aliyewahi kumwambia angesogea theluthi. Mji huu una macho yake tangu zamani. Capital Art Studio, studio ya picha ya ukoo wa Oza hapa mjini, ilifunguliwa mwaka 1930. Kanuni ya theluthi nitaijua, na nitaiweka mfukoni mteja akitaka viatu.

Wakati wa kulipa ndipo nilipochoka kweli. "Umebonyeza tu, mwanangu. Punguza."

Jioni nilipita tena Forodhani, vijana wakijirusha baharini kutoka ukutani. Shata 1/1000, nikamgandisha mmoja hewani, miguu juu. Huyo hakuuliza viatu.

Usiku, kadi nimezinakili mahali pawili, chakula kimepoa, simu inalia. Ni Bwana: anataka picha zote, hata zile za jivu. Nimemjibu kwamba za jivu nimeshazifuta, na nikamkumbusha salio.