Siku moja na katoni ya diski za punguzo

Saa 2 asubuhi

Nafungua chumba cha seva nakuta katoni mezani. Diski nane za terabaiti 16, zilizonunuliwa na dada wa manunuzi kwa punguzo kubwa. Bei imemfurahisha, na namwelewa. Ila sichomeki hata moja kabla ya kujua nani atanijibu ikifa. Data za watu zitakaa humo.

Saa 2 na nusu

Natoa ya kwanza kwenye mfuko wake na kuimulika tochi. Kwenye meno ya dhahabu ya kiunganishi pana michirizi myembamba, na matundu ya skrubu yamechubuka kingo. Diski mpya haiwi hivyo. Hii imeshakaa kwenye mashine ya mtu.

Saa 3

Naingiza namba za seriali, moja moja, kwenye tovuti ya mtengenezaji. Moja ina waranti kamili ya miaka 5, ya kawaida kwa diski za seva. Mbili zimebakiza miezi 14. Tano zilizobaki hazina kitu: naambiwa nimwone aliyeniuzia mashine.

Maana yake zilitengenezwa kwa ajili ya kampuni inayounda seva. Waranti yake iko kwa kampuni hiyo, na inafuata seva. Diski ikishachomolewa na kuuzwa peke yake, waranti imebaki nyuma.

Sasa narudi kwenye tangazo. Limeandika "waranti miaka 5", halisemi ya nani. Naisoma risiti: waranti ni ya muuzaji. Si kosa muuzaji kutoa waranti yake, lakini inadumu kadiri duka lake linavyodumu, na miaka 5 ni mingi. Neno hilo moja, *ya nani*, lingeulizwa kabla ya kulipa.

Saa 5

Nasoma ripoti ya SMART, kumbukumbu ambayo diski hujiwekea kuhusu afya yake na saa ilizowashwa. Mwaka mmoja una saa 8,760. Mbili kati ya zile tano zimewashwa zaidi ya saa 26,000, yaani karibu miaka mitatu bila kuzimwa. Tatu zinaonyesha sifuri, na mojawapo ndiyo ile yenye michirizi. Siiamini sifuri hiyo, kwa sababu hesabu ya SMART inaweza kufutwa. Mwanzoni mwa 2025 Ujerumani zilipatikana diski za Seagate zilizouzwa kama mpya: SMART haikuonyesha matumizi, kumbukumbu ya ndani iitwayo FARM ikaonyesha maelfu ya saa.

Saa 7 mchana

Simu. Mzee mmoja ninayemsaidia anataka kununua diski ya nje iliyoshushwa bei, aipasue kasha aiweke ndani ya kompyuta.

"Shikamoo mzee. Usiipasue kwanza. Waranti imetolewa kwa kifaa kizima. Ijaze yote na uisome yote ikiwa bado ndani ya kasha. Ikipona, fungua taratibu na ulitunze kasha."

"Marahaba mwanangu. Na picha zangu wakinibadilishia?"

Hili linaumiza kila mara. Waranti inabadilisha chuma, hairudishi picha. Tena diski unayoletewa mara nyingi ni iliyokarabatiwa, na inabeba muda uliobaki wa ile ya kwanza, haianzi upya. Namwomba aweke nakala mahali pengine leo hii.

Saa 9

Nakaa na dada wa manunuzi. Nampangia diski mezani kwa mafungu matatu, naye anaona mwenyewe.

"Kwa hiyo zote za mtumba ni mbaya?"

"Hapana dada. Iliyokarabatiwa na mtengenezaji, ikaandikwa hivyo, na waranti yake fupi ikatajwa, naichukua kwa nakala za akiba. Hizi tano tumeuziwa kama mpya."

Tunaandika barua ya kuzirudisha: picha za viunganishi, majibu ya seriali, ripoti za SMART. Muda wa kurudisha ni siku 14, na tumeshatumia tatu. Katoni na mifuko yake sikutupa, kwa kuwa diski iliyofungwa ovyo inaweza kukataliwa.

Saa 11 jioni

Tatu zilizobaki nimeziwekea jaribio la kusoma kila sekta, yaani kila kipande kidogo cha kuhifadhia data. Kwa terabaiti 16 hilo ni karibu siku nzima. Napiga picha risiti, naihifadhi pamoja na namba za seriali, nafunga mlango. Kesho asubuhi naanza na mistari ya 5 na 197 ya SMART: sekta mbovu zilizohamishwa, na zenye mashaka zinazosubiri.