Negafa wa Fes

Treni ya Casablanca hadi Fes, huko Morocco, haikuwa na shida. Shida ilinisubiri nje ya stesheni. Taksi ndogo nyekundu za Fes zina mita, na usiku nauli huongezwa nusu, hilo ni halali. Lakini dereva niliyempata aliikataa mita, akataja bei ya mdomo ambayo ingenilisha siku nzima. Nikalipa huku roho ikiniuma, maana kadi ya harusi ya rafiki yangu ilisema saa tatu.

Saa tano bibi harusi alikuwa hajatokea, na hakuna aliyeshangaa.

Mlangoni tulipewa maziwa na tende, tukanyunyiziwa maji ya maua ya mchungwa kwa mrashi, nikajiona niko Tanga. Ndani ya ukumbi, sivyo: wanaume na wanawake wameketi pamoja, na bibi wa makamo anacheza mbele ya bendi, mbele ya wakwe. Kwetu ukumbi ni wa wanawake, mabuibui yanavuliwa tukishajifungia.

Kisha vigelegele vikapasuka. Wanaume wanne waliovaa meupe waliingia wamebeba ammariya mabegani, kiti cha enzi kilichonakshiwa, na rafiki yangu yumo ndani na kaftani ya kijani. Wakaanza kumrusharusha kwa mdundo wa ngoma. Nikashika moyo. Yeye anapunga mkono na kucheka.

Lakini macho yangu yalibaki kwa mwanamke aliyetembea kando ya kiti. Huyo ndiye negafa, mpambaji na msimamizi wa bibi harusi. Alianzisha salawati kwa sauti iliyoshinda spika za bendi, ukumbi mzima ukaitikia. Akiinua kiganja, wabebaji wanasimama. Nguo na vito vyote vya bibi harusi ni vyake, anavikodisha, na usiku mzima ni yeye anayeamua kipi kivaliwe na lini.

Mama mwenye harusi akanishika mkono: "Njoo, binti yangu," akanipeleka chumba cha kubadilishia. Huko walikuwa wakimvika vazi kubwa la Kifasi, kitambaa kizito cha nyuzi za dhahabu, lulu zikining'inia kutoka kwenye taji hadi kifuani. Negafa alikuwa na pini midomoni. Kila pini aliyoichomeka aliipitishia kidole kwa ndani, asije akamchoma mtoto wa watu.

"Dada, sijala tangu mchana," rafiki yangu akaninong'oneza. Negafa hakusubiri kutafsiriwa. Akatoa kipande cha bastila, ile ya kuku, lozi na mdalasini, akamlisha tonge kwa tonge, kiganja kimekinga kidevuni ili sukari isidondokee lulu.

Akaniuliza, rafiki yangu akitafsiri: kwenu nani anamshughulikia bibi harusi? Nikamweleza habari za somo, anavyomfunda mwali, anavyomsinga, asivyomwacha mpaka mambo yaishe. Akaitikia kwa kichwa. "Basi huyo ni mwenzangu."

Sikumwambia kwamba mimi niliolewa bila somo. Aliyenipamba alikuwa wa saluni, ana bibi harusi mwingine saa kumi, aliondoka rangi ya kucha haijakauka. Nilikaa kwenye kile kiti nikiwa na kiu, watu mia kadhaa wananipiga picha, na hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Chakula kilikuja saa saba usiku: kuku na zeituni, kisha kondoo na plamu, wote tunakula sinia moja kwa mkono. Kitamu kweli. Vazi jeupe lilivaliwa karibu na alfajiri.

Binti wa dada yangu anaolewa baada ya Idi, na kamati bado inabishana kuhusu keki na magari. Nimempigia dada simu nikiwa Fes: mchango wangu wote ni wa somo. Yuko mama mmoja Ngamiani, Tanga, anayeijua kazi hiyo, na nimeomba aanze kukaa na mtoto mwezi huu huu.