Kabla hujalipia cheti cha kuuza ubuyu na mlonge nje

Swali ninaloulizwa kuliko yote na wasindikaji wenzangu ni hili: "Dada, nahitaji vyeti gani ili niuze nje?" Anayeuliza mara nyingi ana unga wa mlonge au wa ubuyu, ameshachapisha lebo nzuri, na kuna mtu ameshamwambia atafute milioni kadhaa za cheti cha ISO, yaani cha viwango vya kimataifa. Mimi ni msimamizi wa ubora kwenye kiwanda kidogo hapa Dodoma, na kazi yangu ni kuhakikisha mfuko unaotoka getini haurudishwi. Naandika jibu langu hapa kwa urefu, maana kwenye simu huwa halitoshi.

Mimi huanza kwa kuuliza. Unamuuzia nani? Yuko nchi gani? Na bidhaa yako ikifika huko itaitwa nini? Hilo la tatu ndilo watu wanaloliruka, na ndilo linaloamua karibu kila kitu. Unga wa mlonge ukiwa kwenye mfuko wa kilo 25 ni malighafi ya chakula. Unga huohuo ukiujaza kwenye kapsuli na kuandika kiasi cha kumeza kwa siku, umekuwa kirutubisho. Ukiandika kwamba unatibu kisukari au presha, umetengeneza dawa ambayo hujaisajili, hapa nyumbani na huko unakoipeleka. Hapa kwetu chakula kiko chini ya TBS, shirika la viwango, tangu 2019, kazi hiyo ilipotoka kwa TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa. Dawa ziko TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na tiba asili ina Baraza lake. Marekani, dai la kutibu ugonjwa linatosha kuzuiliwa mzigo hata kama unga wenyewe hauna kasoro.

Ndiyo maana wanaoanza nawashauri wauze malighafi kwanza. Mwenye chapa kule ndiye atakayebeba kanuni za utengenezaji wa virutubisho, ambazo Marekani zina sehemu yake peke yake katika kanuni za FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa. Kapsuli zinapendeza machoni, lakini zinakupa majukumu mazito kabla hujajua vizuri kukausha jani.

Ulaya wana utaratibu wanaouita wa chakula kipya. Chochote ambacho hakikuliwa kwa kiasi cha maana ndani ya Umoja wa Ulaya kabla ya tarehe 15 Mei 1997 lazima kiidhinishwe kwanza. Ubuyu huu tuliomumunya tangu utoto nao ulihesabiwa chakula kipya. Uliruhusiwa mwaka 2008, baada ya PhytoTrade Africa, umoja wa wafanyabiashara wa mazao ya asili wa kusini mwa Afrika, kupeleka maombi. Mwaka uliofuata FDA nayo ikasema haina pingamizi unga huo ukitumika kwenye vinywaji vya matunda na baa za nafaka. Tuwashukuru kwa kweli, maana maombi ya aina hiyo yana gharama ambayo mimi na wewe tusingeiweza. Lakini kilichoruhusiwa ni unga wa ndani ya tunda. Kama una mzizi au gome ambalo bibi yako alilitumia, tazama kwanza orodha ya Ulaya, iko wazi mtandaoni, kabla hujanunua hata kifungashio.

Kuhusu FDA naandika kwa uchungu. Wapo watu wanaouza "cheti cha FDA" chenye muhuri wa dhahabu, na mama mmoja ninayemfahamu aliuza mbuzi wake kulipia karatasi ya namna hiyo. FDA haitoi cheti cha usajili wa kiwanda cha chakula na wala haiitambui karatasi hiyo. Kilichopo ni usajili wa kiwanda, unaofanywa mtandaoni bure. Utahitaji wakala aliyeko Marekani, na huyo anaweza kukutoza kwa huduma yake, pamoja na namba ya utambulisho wa kiwanda. Usajili unahuishwa kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, kati ya Oktoba na Desemba. Tena kusajiliwa hakumaanishi kwamba FDA imekuona unafaa. Maana yake ni kwamba inajua uko wapi. Anayetakiwa kuthibitisha usalama wako ni mwagizaji wako wa Marekani, kwa sheria iliyotiwa saini 2011, naye atakudai nyaraka za kazi yako. Mtu akikuuzia cheti cha FDA, mkimbie.

Sasa nije kwenye sakafu ya kiwanda, ambako fedha yako ya kwanza inatakiwa kwenda.

Ubuyu umerahisishwa na maumbile. Unga uko ndani ya kifuu na umeshakauka ungali mtini, kwa hiyo hauoshwi. Shida yake ni kuchafuliwa. Buyu likipasuliwa ardhini kwa jiwe, mchanga unaingia, vipande vya kifuu vinaingia, kuku wanapita. Lililopasuka lenyewe chini ya mti limeshanyeshewa na lina ukungu. Sisi tunanunua buyu zima tu, tunalipangusa kwa brashi kavu, tunalipasulia mezani, na chumba cha kuchekecha kiko mbali na cha kupasulia. Mama mmoja mkusanyaji, tulipomrudishia mabuyu yaliyopasuka, aliniuliza: "Mwanangu, ubuyu huu nimeula tangu naota meno. Umemuua nani?"

Nikamwambia, "Haujamuua mtu, mama. Ila wewe unaujua mbuyu wako. Mnunuzi wa Ujerumani haujui mti na wala hakujui wewe. Anachokiona ni namba iliyoandikwa kwenye mfuko."

Akauliza namba hiyo inatoka wapi. Nikamwonyesha daftari: kijiji, tarehe ya kuokota, jina la mkusanyaji, kisha namba ya toleo, yaani ya mzigo uliosindikwa kwa pamoja. Siku hizi magunia yake huja na kipande cha boksi kimefungwa shingoni kwa kamba, kijiji na tarehe vimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Kwangu mimi kile kipande cha boksi ni ufuatiliaji halisi, na mkaguzi akija naanza kumwonyesha hicho.

Mlonge ni kinyume chake. Jani ni bichi, lina maji, na ukilishindilia kwenye kiroba linapata joto na kuanza kuharibika kabla halijafika kiwandani. Linaoshwa kwa maji salama, linakung'utwa, linatandazwa jembamba kwenye trei za kikaushio kilichofunikwa, mbali na jua kali ili rangi isife. Liko tayari linapovunjika vidoleni bila kupinda. Lakini tuelewane hapa: kukausha hakuui Salmonella, bakteria wanaoharisha watu. Inatulia tu ndani ya unga, na inaweza kukaa humo miezi mingi. Mwaka 2025 kuna watu waliugua Marekani kwa Salmonella iliyohusishwa na unga wa majani ya mlonge, kwa hiyo usishangae mnunuzi akikuuliza unaua vijidudu kwa njia gani. Jibu lako lina uzito. Gesi ya ethilini oksaidi imepigwa marufuku kwenye chakula Ulaya. Mwaka 2020 ufuta kutoka India uliokutwa na mabaki yake ulisababisha bidhaa nyingi kuondolewa madukani. Mionzi lazima itajwe kwenye lebo, na ukiitumia umejitoa kwenye bidhaa za kilimo hai. Kinachobaki kwa wengi wetu ni mvuke, na mashine yake ni ghali. Kama una fedha ya kitu kimoja tu, linganisha bei ya mashine hiyo na bei ya cheti cha ukutani, kisha ongea na wenzako mkoani mnunue kwa pamoja.

Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi vya kutosha, nalo ni magugu. Tangu Julai 2022 Ulaya inatumia ukomo wa sumu zinazoitwa alkaloidi za pirolizidini: mikrogramu 400 kwa kilo kwenye virutubisho vya mimea. Sumu hizo zimo kwenye mimea ya jamii ya marejea, hii hii tunayohimizwa kupanda kurutubisha udongo. Marejea ni zao jema shambani, lakini lisikae katikati ya mistari ya mlonge, maana mvunaji mwenye haraka atakata vyote pamoja, na majani machache tu yanaweza kuangusha toleo zima. Na usikaushie jikoni penye kuni. Moshi una kemikali zake, nazo zinapimwa.

Vipimo sasa. Mnunuzi atataka cheti cha uchambuzi cha kila toleo. Kile ulichokipata mwaka juzi ukakitolea kopi hakitamfaa. Kwenye virutubisho Ulaya inaruhusu risasi isiyozidi miligramu 3 kwa kilo, kadimiamu 1 na zebaki 0.10. Salmonella isionekane kabisa kwenye gramu 25. Maabara iwe na ithibati ya ISO 17025, kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara, na uliza kama ithibati hiyo inahusu kipimo unachokitaka, kwa sababu maabara inaweza kuwa nayo kwa maji na isiwe nayo kwa viuatilifu. Chukua sampuli kutoka mifuko mingi ya toleo. Ukichota juu ya mfuko mmoja mzuri, unajidanganya mwenyewe.

Mfumo wa HACCP, yaani wa kubaini hatari za chakula na kuzidhibiti katika kila hatua, uufanye mapema kwa daftari na kalamu, hata kabla ya kukaguliwa. Vyeti vikubwa vya usalama wa chakula, kama ISO 22000 au FSSC 22000, ngoja mnunuzi avitaje kwa maandishi, maana wengine wanataka kingine kiitwacho BRCGS, na kulipia vyote ni kujifilisi. Hapa nyumbani anza na alama ya TBS. Kama wewe ni mdogo pitia SIDO, shirika la viwanda vidogo. Cheti cha afya ya mimea kinatoka TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu; cha uasili wa bidhaa kinatoka TCCIA, chama cha wafanyabiashara. Hizi ni hatua za kawaida, zinakwenda ukiwa na karatasi zako sawa.

Cheti cha kilimo hai kinaongeza bei, lakini alama yetu ya kilimo hai ya Afrika Mashariki, Kilimohai, peke yake haikufikishi Ulaya. Sheria yao mpya inataka kikundi cha wakulima kiwe na usajili wake kisheria na wanachama wasiozidi 2,000. Kwa ubuyu wa porini, eneo la kuokotea lisiwe limepigwa dawa zisizoruhusiwa kwa miaka mitatu, na mibuyu yetu mingi imesimama katikati ya mashamba ya watu. Kabla ya kumwita mkaguzi, zunguka na wenye mashamba, uliza nani anapuliza nini, na uchore ramani. Mti ulio jirani na shamba la pamba uache nje ya ramani hiyo, hata kama ndio unaozaa kuliko yote.

Na kabla ya hayo yote, mwombe mnunuzi akutumie karatasi ya vigezo vyake. Isome na fundi wako wa kusaga, mstari kwa mstari. Mnunuzi asiyekuwa nayo bado hajawa tayari kununua.